Siku Themanini Kabambare

Julai 1870 msafiri David Livingstone alirudi Kabambare, katika Maniema, mashariki mwa Kongo, akichechemea. Alikuwa na miaka 57, vidonda vimeila miguu yake yote miwili, na watu waliokubali kuendelea naye walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mpango wake ulikuwa kuufikia mto Lualaba, kuthibitisha kwamba ndio chimbuko la mto Nile, kisha arudi kwao Uingereza akapumzike. Alikuwa amekwisha kujaribu njia ya mto Luama, akarudishwa. Akajaribu tena upande wa kaskazini, na mvua, matope na homa vikamkatisha. Safari hii hata kusimama kulimshinda. Aliingia kibandani tarehe 22 Julai, akatoka tena nje tarehe 10 Oktoba. Yeye mwenyewe alizihesabu: siku themanini.

Kusini mwa Maniema habari kama hii haimshangazi mtu. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikata reli ya kwenda Kindu, na kwa miaka kadhaa mizigo mingi ya mji wa Kasongo ikategemea baiskeli na mabega ya vijana. Huko Namoya, wilayani Kabambare, kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa dhahabu wa kibiashara Januari 2016. Mwaka 2019 usalama ukaharibika, wafanyakazi wakatekwa, shughuli zikasimama. Mtu aliyeanza kujenga kwa kutegemea mshahara wa mgodi alibaki na kuta zisizo na mabati. Kisha Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Benki zikafunga milango, na mfanyabiashara mwenye akiba huko akajikuta na namba kwenye simu badala ya fedha mkononi.

Hayo ni yale yanayotangazwa redioni. Yapo na mengine ambayo hayafiki huko: binti aliyebakiza mwaka mmoja kupata diploma, karo yake ikaliwa na ugonjwa wa baba, posa iliyovunjika mchele wa harusi umekwisha kununuliwa, mama aliyejiandaa kwenda Hija, mumewe akafariki wiki chache kabla ya safari. Katika nyumba kama hizo, kilio kikitulia na wageni wakiondoka, swali moja halikosi kuja: Mungu anataka kuniambia nini?

Ni swali la haki. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huulizwa mapema mno, na jibu la mapema huwa baya. Livingstone ni ushahidi. Kule kibandani hakuacha kuamini kwamba Mungu alikuwa akimwongoza kwenye chimbuko la Nile, na kila kizuizi alikipima kwa kipimo hicho. Maji aliyokuwa akiyatafuta hayakuwa ya Nile. Msafiri Henry Stanley aliondoka Nyangwe, mji wa soko kando ya Lualaba, Novemba 1876, akasindikizwa sehemu ya njia na mfanyabiashara Tippu Tip, akaufuata mto hadi akatokea Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, Agosti 1877. Lualaba ni Kongo. Maana ambayo mgonjwa wa Kabambare aliishikilia kwa nguvu zake zote ilikuwa kosa la jiografia.

Hata hivyo kukwama kwake kulizaa jambo, na jambo hilo halikuwamo kabisa katika mpango. Alipopata nafuu aliwangoja watu kutoka pwani. Kumi walifika tarehe 4 Februari 1871, naye akaondoka Kabambare tarehe 16. Mwisho wa Machi alikuwa Nyangwe, akakwama tena kwa zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi ya kuvukia, wenye mitumbwi wakimkatalia. Kwa sababu ya ucheleweshwaji huo wote alikuwepo sokoni asubuhi ya tarehe 15 Julai, watu wa mfanyabiashara Dugumbe walipowafyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake waliotoka vijijini na vikapu vyao. Wauaji wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliacha safari, akarudi Ujiji, akaandika alichokiona. Stanley alizibeba barua hizo hadi London mwaka 1872, zikaamsha hasira iliyosaidia kumsukuma Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Mwandishi wa barua hakuisikia habari hiyo. Alikuwa amefariki tarehe 1 Mei, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Hapa msomaji anapaswa kukanyaga kwa hadhari. Ni rahisi kusema kwamba Mungu alimkwamisha Livingstone Kabambare ili ashuhudie mauaji ya Nyangwe. Lakini wale wanawake hawakufa ili Mwingereza apate maana ya safari yake. Anayetafuta maana ya kiroho katika mkasa wake asiikopee kwenye vifo vya wengine. Mtu aliyekosa gari lililopinduka njiani anaweza kushukuru kimyakimya. Akisimama kanisani au msikitini kutangaza kwamba Mungu alimwokoa kwa kuwa ana kazi naye, safu ya nyuma wapo ndugu wa waliokuwa ndani ya gari lile, nao wanasikia.

Basi mtu afanye nini katika siku themanini zake?

Kwanza, mwili. Vidonda vya Livingstone havikupona kwa dua. Alijaribu dawa alizokuwa nazo zikashindwa, mpaka akaonyeshwa jiwe la kijani la malakiti, likasagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Si dawa ya kuigwa leo, kwani Kasongo ina hospitali kuu na vituo vya afya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji huu umejulikana kwa wataalamu wa afya ya jamii wa dunia nzima kupitia Mradi wa Kasongo, ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Ila mpangilio wa Livingstone ni wa kuigwa: alitibu kidonda kama kidonda, na mambo ya Mungu akayapa nafasi yake. Asiyelala wiki tatu, asiyekula, anayesema afadhali afe, apelekwe kwa muuguzi au daktari kabla ya kupelekwa kwenye maombi ya usiku kucha. Kumnyima usingizi mtu ambaye tayari hana usingizi si ibada.

Hapa ndipo panapozuka hatari kubwa ya kutaka jibu la haraka. Pigo likiingia nyumbani, haichukui siku nyingi atokee mtu wa kusema ni mkono wa mtu. Chumba cha maombi kitamtaja bibi kizee wa ua wa pili. Mganga atamtaja mtoto wa kambo. Familia iliyopoteza mgodi, ndoa au mavuno hujiona imepata maana, kumbe imepata mhanga. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza na kuadhibu kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikasisitiza hivyohivyo. Mzazi mwenye imani ana sababu nyingine iliyo karibu zaidi na moyo wake: maelezo yanayomfanya amchukie asiyeweza kujitetea hayatoki kwa Mungu anayemwabudu. Vivyo hivyo kwa maelezo yenye bei. Pasta, shehe au mganga anayedai dola ili afunue kwa nini mambo yamekwama ameona njia ya kupata mapato kutoka kwenye kukwama huko.

Pili, ratiba. Livingstone aliandika kwamba katika muda wake Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Wengi huisifu imani yake kwa hilo. Cha kutazamwa zaidi ni hesabu: hakuna anayeimaliza Biblia mara nne kwa siku za msisimko tu. Alisoma siku za homa, siku za hasira kwa waliomtoroka, na siku ambazo bila shaka maneno hayakumwambia lolote. Safari ilikuwa imesimama, kusoma hakukusimama.

Waislamu wa Kasongo, na Maniema ndiko Uislamu ulikoota mizizi mirefu kuliko kwingine Kongo, wana hazina kubwa katika jambo hili ambayo mara nyingine hawaioni kwa kuizoea. Fikihi imeandikwa ikijua kwamba maisha hukatika. Asiye na maji hutayamamu. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala. Msafiri hupunguza rakaa. Mgonjwa na msafiri hula Ramadhani na kulipa siku nyingine. Dini haimwambii mtu aliyekwama angoje mambo yatengemae ndipo arudi; inampa kipimo cha hali aliyo nacho. Mkatoliki naye asikimbie shirika lake kwa aibu ya kukosa sadaka au nguo safi. Kule kwenye shirika, watu kumi na watano chini ya mwembe wanaosoma Injili ya Jumapili, ndiko mtu anakoweza kukaa kimya wiki nzima bila kuulizwa amekosa nini. Mwenye imani ya namna yoyote achague tendo moja dogo la kila siku, lisilomtaka ajisikie vizuri kwanza, alishike.

Tatu, daftari. Karatasi zilimwishia Livingstone, akawa anaandika juu ya kurasa za magazeti zilizokwisha kuchapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mimea. Maandishi hayo yalififia hata hayakusomeka, mpaka wataalamu wa Marekani na Uingereza walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011. Walipolinganisha na nakala safi aliyoiandika baadaye, waliona amebadilisha mambo, yakiwemo yanayohusu mwenendo wa watu aliokuwa nao mwenyewe. Ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi: hunyoosha, huficha, humpa msimuliaji sura nzuri. Kwa hiyo aliyekwama aandike sasa, siku ya tukio, hata mistari mitatu. Tarehe. Nani alikuja, alileta nini. Deni lipo kiasi gani. Leo nimemgombeza nani bila sababu. Baada ya miezi sita ataisoma na kuona vitu ambavyo hakuna mhubiri angeweza kumwambia, kwa mfano kwamba aliyemdhania adui alileta muhogo mara mbili.

Hilo la muhogo linafungua jambo gumu. Chakula cha Livingstone Kabambare kilitoka kwa nani? Kwa kiasi kikubwa kwa Muhamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, mtu wa biashara ileile aliyokuja kuipinga. Bogharib alimlisha, akamuuguza, akamkaribisha mezani. Livingstone aliuandika wema huo bila kuuficha, na alipofika Nyangwe hakunyamaza juu ya maovu ya wenzake Bogharib. Mambo hayo mawili kwa pamoja ni magumu. Wengi hushindwa upande mmoja: ama wanakataa msaada wa mtu wa dini nyingine, chama kingine, kabila jingine, wakaumia kwa kiburi, ama wanaupokea na kuuza ulimi wao pamoja nao. Kupokea mkono wa mtu usiyekubaliana naye, ukamshukuru kwa jina, na bado ukasema kweli, huenda ndilo zoezi la kiroho lililo gumu kuliko mfungo wowote.

Kuomba msaada nako si upungufu wa imani. Nabii Yusufu anajulikana kwa wasomaji wa Biblia na wa Kurani vilevile. Akiwa gerezani alimwomba mnyweshaji wa mfalme amtaje mbele ya bwana wake. Mnyweshaji akasahau, na kwa simulizi la Mwanzo ikapita miaka miwili mizima. Katika Sura Yusufu kuna jambo ambalo halimo katika Mwanzo: mjumbe wa mfalme alipokuja kumtoa, Yusufu hakukubali kutoka mpaka kesi ya wale wanawake ichunguzwe na jina lake lisafishwe. Watu hupenda kuifupisha hadithi hii kuwa ya subira. Ni ya subira, naam, lakini ni subira ya mtu anayetuma maombi, anayefuata faili lake, anayedai haki kabla ya kukubali cheo. Mfanyakazi aliyeachishwa bila malipo yake ana haki ya kuswali na haki ya kwenda kwa mkaguzi wa kazi. Hakuna inayoifuta nyingine.

Imam Ghazali aeleweke hivyohivyo. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, ulimi ulimfunga, akashindwa kutoa darsa na hata kula. Matabibu wakasema ugonjwa uko moyoni. Akaacha kila kitu, akaenda Damasko, Yerusalemu na Makka, na katika miaka hiyo akaandika kitabu chake, Ihya. Wanaomtaja huanzia kwenye ufukara wake. Mwenyewe ameeleza kwamba kabla ya kuigawa mali alibakiza ya kuwatosha watoto wake. Baba wa Kasongo anayetaka kuitikia wito wa Mungu baada ya biashara kufa aangalie kwanza gunia la mchele nyumbani limebakiza nini.

Halafu kuna suala la muda. Kifo kina taratibu zake. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha eda huisha. Majirani zake Wakristo hukaa matanga, na ipo siku ya kuyaanua. Lakini nani amekaa matanga ya kazi iliyopotea, ya shule iliyokatika, ya posa iliyovunjika? Kwa kuwa misiba hiyo haina utaratibu, haina mwisho. Mtu huibeba miaka kumi. Familia inaweza kujitungia utaratibu. Wakutane jioni moja, wamwite shehe, katekista au mzee wa ukoo, aliyepotelewa aseme kwa sauti ni kitu gani kimekufa: si maisha yake, ni mpango ule, kwa jina lake. Iombwe dua. Iwekwe tarehe, kwa mfano mwisho wa mavuno ya mpunga, ambayo baada yake nyumba itaanza kuzungumzia bajeti mpya na kuacha kupanga kwa fedha za zamani. Kabla ya tarehe hiyo anaruhusiwa kulia na kukaa bila jibu. Baada yake anaweza kulia pia, ila jembe liko mkononi.

Na maana yenyewe? Wengine huiona baada ya miaka, kwa wengine huonwa na watoto wao, na wengine, kama mgonjwa wa Kabambare, huondoka duniani wakiwa wameshika isiyo sahihi. Haya hayapaswi kumtisha mtu. Kazi ya siku themanini haikuwa kupata jibu. Ilikuwa kutoka kibandani akiwa bado ni mtu anayeweza kuona, ili yatakapotokea ya Nyangwe asigeuze uso pembeni.

Majirani nao wana sehemu yao. Susi na Chuma, waliokuwa pale kibandani, hawakuacha hotuba yoyote kuhusu mapenzi ya Mungu. Chuma alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861, kwa hiyo mipango iliyokatika aliijua kabla ya bwana wake. Alibatizwa Bombay, ilhali Susi wakati huo alikuwa Mwislamu. Walibaki wenzao walipoondoka. Livingstone alipofariki, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Anayekwenda kumtembelea aliyekwama aache mlangoni ile sentensi ya kwamba Mungu ana mpango. Huenda ni kweli, ila aliyekwama mwenyewe ndiye wa kuisema siku atakayoweza. Mgeni aseme pole, aketi, kisha aulize mambo yanayojibika: dawa gani imeisha, karatasi gani inatakiwa ofisini, mtoto yupi hana wa kumpeleka shule, shamba limefikia wapi. Shirika au jamaa wa msikiti wanaweza kugawana juma: Jumatatu maji, Jumatano kuni, Ijumaa mtu mmoja wa kukaa naye mchana kutwa ili mkewe aende sokoni. Na orodha hiyo isiishe arobaini ikipita, kwa sababu ni wakati huo ambapo wageni hupungua na madeni huanza kubisha hodi.